Mwenye Nyumba ya Wageni Alilipwa

Kila mwaka tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, dunia huadhimisha Siku ya Wauguzi. Jumapili iliyo karibu na siku hiyo huwa tunaitwa mbele ya madhabahu. Tunapigiwa makofi na kuombewa, kisha tunaambiwa maneno tunayoyajua kwa moyo: kazi yenu si ajira, ni wito, msitazame mshahara, thawabu yenu iko mbinguni, Mungu huwatia nguvu wachovu. Tunaitikia Amina. Jioni ile ile mmoja wetu huingia zamu ya usiku akiwa peke yake kwa wodi nzima.

Tunaandika kuyapinga mahubiri hayo. Hatumpingi Mungu aliyetuita. Tunapinga wito wake ugeuzwe blanketi la kufunikia dhuluma.

Sisi ni wauguzi Wakristo tunaofanya kazi kisiwani Pemba. Tu wachache hapa, kama Wakristo wote wa kisiwa hiki. Wengine tumezaliwa hapa hapa, wengine tulivuka bahari kutoka Bara. Wengi wa wale tunaowahudumia si wagonjwa wa kulala siku tatu na kurudi nyumbani. Ni waliopooza kwa kiharusi, wenye vidonda vya kisukari visivyofunga, waliovunjika nyonga uzeeni, na wazee wasio na mtoto wala mpwa wa kuwapokea. Baadhi ya wazee hao walikuja vijana kuchuma karafuu, wakabaki, na leo hawakumbuki tena jina la kijiji walikotoka. Hatutataja kituo chochote hapa, kwa sababu hatuandiki kumshtaki meneja fulani. Tunayoyasema yanajulikana na kila aliyewahi kuvaa sare hii.

Uuguzi wa namna hii una uzito wake wa pekee. Mkunga huumia usiku kucha, lakini alfajiri husikia mtoto akilia. Anayehudumia chumba cha upasuaji humwona mgonjwa akishonwa, akisimama, akienda zake. Mzee aliyepooza upande mmoja hatasimama. Siku ya mia nne ya kumwogesha ni sawa na siku ya kwanza, ila mgongo wako umechakaa zaidi. Aliyepotewa na kumbukumbu hatakushukuru. Huenda akakutukana kwa kudhani wewe ni mwizi. Kisha, baada ya miaka minne ya kumlisha kwa kijiko, jioni moja anafariki, shuka zinabadilishwa, na kabla ya usiku kuingia mwingine amelala pale. Hakuna anayekupa hata nusu saa ya kulia.

Wasiojua kazi yenyewe na wafanye hesabu pamoja nasi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupaswa kugeuzwa karibu kila baada ya saa 2, la sivyo ngozi huoza, vidonda vya kulalia hufika hadi mfupa. Chukua wodi yenye wagonjwa 12 wa aina hiyo na zamu ya saa 12 usiku. Ni mara 72. Kama kila mara ni dakika 5 tu, zimekwisha dakika 360, yaani saa 6, nusu ya zamu. Hapo hujagawa dawa, hujabadilisha nepi, hujasafisha kidonda, hujampa maji anayeomba maji, hujaandika daftari la kupokezana zamu. Na kumgeuza mtu mzima kunataka watu wawili. Muuguzi aliye peke yake afanye nini? Atachagua. Kila usiku huchagua nani ageuzwe na nani aachwe, na asubuhi huyaona matunda ya uchaguzi wake kwenye mgongo wa mzee. Huo ndio mzigo anaokwenda nao nyumbani.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Halikuiita ugonjwa. Lilisema ni hali itokanayo na shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikushughulikiwa. Likataja alama tatu: kuishiwa nguvu kabisa, moyo kujitenga na kazi na kuidharau, na kuona kwamba hufanyi tena lolote la maana. Tunaomba wahubiri walitazame jambo moja katika maelezo hayo. Chanzo kimewekwa kazini. Hakikuwekwa katika imani ya mfanyakazi. Wahenga walilijua hilo zamani waliposema ngoma ikilia sana hupasuka. Hawakusema ipasukapo ni kwa sababu ngozi yake haikuomba vya kutosha.

Alama ya pili ndiyo inayotutisha, na hapa ni lazima tuungame. Mwenzetu mmoja alituambia hivi, akitazama chini: mzee aliyempenda alipofariki, jambo la kwanza lililomjia si huzuni wala sala. Lilikuwa ni hesabu, kwamba leo kuna mmoja pungufu wa kugeuza. Alishtuka kama mtu aliyemwona mgeni ndani ya nyumba yake. Hakuna aliyemhukumu, maana kila mmoja wetu ana wake: aliyemjibu bibi kwa ukali, aliyemvuta mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, aliyesikia anaitwa akajifanya hakusikia. Hatusemi uchovu unatuondolea hatia. Aliyeumizwa ameumizwa, na mbele ya Mungu tutalijibu hilo. Tunasema tu kwamba aliyempanga mtu mmoja mahali pa watatu naye atajibu, na aliyemhubiria avumilie badala ya kumtetea naye atajibu.

Sasa tufike kwenye Maandiko, kwa kuwa ni kwa Maandiko tunanyamazishwa. Kila Siku ya Wauguzi tunasomewa habari za Msamaria mwema, na tunaambiwa sisi ndio Wasamaria. Tumeusoma mfano huo tena, polepole, na tumegundua kwamba Msamaria si sisi. Msamaria alifunga majeraha, akamlaza mtu yule usiku mmoja, na kesho yake akaendelea na safari (Lk. 10:34-35). Aliyebaki na mgonjwa, siku baada ya siku, ni mwenye nyumba ya wageni. Hana jina, hana sifa, hakuna kanisa lililopewa jina lake. Huyo ndiye sisi. Na Msamaria alimfanyia nini? Hakumwambia kwamba kazi hii ni wito wako. Alitoa dinari mbili kabla ya kuondoka, akaahidi kurudi na kulipa chochote kitakachozidi. Huruma yake ilikuwa na mfuko. Aliujua uuguzi wa muda mrefu kuwa na gharama, na hakukubali gharama hiyo imwangukie anayeuguza. Kanisa linalotaka kuitwa Msamaria lianzie kwenye dinari mbili.

Msomeni na Eliya. Alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumkemea kwa uhaba wa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake (1 Fal. 19:4-8). Chakula na usingizi vilitangulia, neno likafuata baadaye. Bwana wetu mwenyewe, mitume walipokosa hata nafasi ya kula, aliwachukua faraghani wapumzike (Mk. 6:31). Na amri ya Sabato haikutolewa kwa wenye nafasi. Inawataja ng'ombe, punda, mwana wa mjakazi na mgeni, ili nao wapate kuburudika (Kut. 23:12). Ikiwa punda ana haki ya kupumzika kwa amri ya Mungu, ni mahubiri gani yanayomnyima muuguzi haki hiyo?

Kisiwa hiki kina sababu ya pekee ya kuyasikia haya. Mashamba ya karafuu ya Pemba yalipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 ilitolewa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, na mwaka huo huo wamisionari wa Kikweka wakaja hapa kuwasaidia walioachwa huru, wakaanzisha shamba lao Banani karibu na Chake Chake. Yaani habari njema ilipofika kwa wazee wa baadhi yetu, ilikuja na fundisho la wazi kabisa: jasho la mtu lina ujira wake, na mwili wa mtu si mali ya mwingine. Je, Kanisa lililoingia kisiwani kwa fundisho hilo liseme leo kwamba ujira wa mwanamke anayeogesha wazee uko mbinguni tu? Yakobo anasema ujira uliozuiwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana (Yak. 5:4). Tunadhani zinamfikia pia wakati kwaya inaimba.

Watasema: mwajiri ni serikali, Kanisa lifanye nini? Tunajibu kwamba Kanisa lina sauti, na limeitumia kwa mambo mengine mengi. Tena penye zahanati na vituo vya Kanisa lenyewe, mwajiri ni Kanisa, na huko nako tumewahi kusikia mahubiri yale yale ya wito mwisho wa mwezi.

Watasema: watawa wa zamani walihudumia wakoma na maskini maisha yao yote bila kulalamika. Tunawaheshimu. Lakini tazameni walivyoishi. Waliishi jumuiya, si mmoja mmoja. Kengele iliwaita kwenye sala, na kengele iliwaita pia kwenye chakula na usingizi. Hawakurudi asubuhi kutoka zamu na kukuta watoto wa kuvalisha sare za shule, mama mkwe mgonjwa na deni dukani. Anayetaka sadaka ya mtawa kutoka kwetu atupe kwanza kengele ya mtawa.

Watasema: nchi ni maskini, na kila mtu amechoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Umaskini wa kweli tunaujua, tunauishi. Lakini umaskini hugawanywa. Hauwezi kuwa sababu ya kumrundikia mmoja.

Na sisi wenyewe tuna kosa. Tumependa kusifiwa kwa kutochoka. Tumemwita mvivu mwenzetu aliyeomba likizo. Tumejiona watakatifu kwa kuruka chakula, huku mikono ikitetemeka juu ya sindano. Hicho ni kiburi kilichovaa joho la unyenyekevu, na tunakikataa leo hadharani.

Jirani zetu wametufundisha jambo. Mwezi wa Ramadhani sisi huwashikia zamu wenzetu Waislamu saa ya futari, wakafuturu kwa utulivu na kuswali. Krismasi na Pasaka wao hutushikia, na hutuletea sahani tukirudi. Hakuna waraka ulioagiza hivyo. Ni watu tu waliotambua kwamba kumwabudu Mungu kunataka mwenzako akushikie mzigo. Kama wodi yenye watu wanne wa dini mbili imeweza, usharika mzima hauwezi?

Kwa hiyo tunaomba mambo haya, na tunayaomba kwa heshima, lakini hatuyaombi kama sadaka.

Kwanza, mapadri na wachungaji wetu waache kulitumia neno wito mahali pa neno mshahara. Atakayehubiri juu ya wito wetu ahubiri siku hiyo hiyo juu ya wajibu wa mwajiri wetu.

Pili, kila kituo kilicho chini ya Kanisa kianze chenyewe: siku ya mapumziko iheshimiwe, saa za ziada zilipwe, na mtu asiachwe peke yake na wagonjwa wasioweza kujigeuza. Baada ya hapo Kanisa litakuwa na uso wa kuizungumza na serikali.

Tatu, waumini waje. Hatuwataki wafanye uuguzi. Kumlisha mzee uji, kukaa naye wakati wa homa, kumkata kucha, kumsikiliza hadithi ile ile mara ya ishirini, hayo hayahitaji cheti. Saa moja kwa wiki ya watu ishirini ni saa ishirini.

Nne, tutazamwe roho zetu. Ibada za saa tatu asubuhi zinatukuta tumetoka zamu au tunaingia zamu, kisha tunaambiwa hatuonekani. Iwepo sala ya jioni siku ya kazi, na awepo mtu wa kumwambia yale aliyotuambia mwenzetu yule, bila kujibiwa kwamba tuombe zaidi. Tunaomba sana tayari. Huwa tunaomba tukiwa tumesimama.

Tano, wasisahauliwe mabinti wanaouguza wazazi majumbani, vijijini, bila sare wala zamu wala mshahara. Wao hawana hata wa kumkabidhi daftari.

Hatuondoki. Tutakaporudi usiku wa leo, yule bibi aliye kitanda cha mwisho atauliza kama mwanawe amefika, kama anavyouliza kila usiku, nasi tutamgeuza ubavu na kumwambia bado. Tunampenda, ndiyo maana tunaandika. Msamaria aliahidi kwamba atakaporudi atalipa. Sisi tuko hapa na mgonjwa wake, tunatazama barabarani.