Dawa Zisifungwe Sandukuni

Msafiri aendaye ughaibuni kwa miezi mingi huchagua makoti na viatu kwa makini, kisha dawa zake huzitia chini ya sanduku kubwa. Kwa maoni yangu, kosa hilo ni letu pia sisi watoa huduma. Sanduku laweza kupotea. Na insulini ikiganda kwa baridi huharibika, wala haifai kutumiwa hata ikiyeyuka. Dawa zikae katika mkoba wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, kwani majina ya kibiashara hutofautiana baina ya nchi. Mgonjwa ajapo kuaga, tusimtakie safari njema tu. Tumwandikie barua hiyo. Koti litapatikana dukani ugenini. Dawa huenda isipatikane.