Mpasuaji Mbao na Mikarafuu Yetu

Ndugu Wanachama,

Barazani siku hizi hapana anayelaumiwa kuliko mkata miti. Yasemwa kuwa yeye ndiye anayetuharibia mashamba. Mimi nasema nusu ya lawama hiyo ni yetu wenyewe.

Mpasuaji wa zamani hapa Pemba wazee wanamkumbuka. Alikuja na mwenziwe, na shoka, na kamba, na msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili. Kabla ya kuugusa mwembe aliuzunguka, akatazama upepo, akapanda kuyapunguza matawi ya upande wenye mikarafuu, ndipo akauangusha. Gogo likawekwa juu ya shimo, mmoja akasimama juu akifuata mstari wa masizi, na yule wa chini akila unga wa mbao. Ilikuwa kazi ya siku nyingi, na mwenye shamba alikuwapo, akisema, "Bwana, mkarafuu huo kaupanda marehemu baba, uangalie."

Leo upo msumeno wa moto, na mti huwa chini kabla ya adhuhuri. Sisemi upigwe marufuku. Mbao twazihitaji kwa mapaa, milango, vitanda na mashua, na wapasuaji nao wana watoto.

Mwaka jana niliuza mwembe wangu ungali umesimama, bila ya kuafikiana utakapoangukia, nami siku hiyo nikawa afisini naandika barua za Chama. Jioni nikakuta mikarafuu mitatu imevunjika, miwili katika hiyo ikizaa vizuri. Nilipomwuliza mnunuzi alinijibu, "Sheikh, umeniuzia mti. Pa kuulaza hukunambia." Nikanyamaza, maana ni kweli. Fedha za mwembe zilikwisha katika Ramadhani moja. Mkarafuu nitakaopanda utakaa miaka sita au zaidi kabla sijaona kikonyo, na ukipata uhai utamzidi umri mpandaji.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Ndipo kisiwa hiki kikatangulia kwa karafuu. Yale yalikuwa ya Mwenyezi Mungu, hapana wa kuulizwa. Haya yangu mimi nitaulizwa, na wanangu ndio watakaouliza.

Kwa hiyo naomba Chama kikubaliane hivi: asiuze mwanachama mti uliosimama shambani mpaka yeye na mpasuaji wamesimama pamoja chini yake, wakaonyeshana pa kuulaza na matawi ya kutangulia kukatwa, na ikaandikwa nani atalipa kikivunjika kitu. Kibali cha kukata kiwepo mkononi, na siku ya kazi mwenye shamba awepo mwenyewe, wala asitume mtoto. Wapasuaji wenye hadhari tuwape kazi kwanza, hata wakitaka ujira zaidi.

Neno hili nitalileta katika mkutano ujao. Anayelipinga na aje na hoja yake. Na anayetaka kuviona visiki vyangu, njia ya shambani anaijua.

Katibu