Nyota Zilizopasuka na Chombo cha Uhuru

Mkulima wa Kakamega alalapo usiku, dunia humchukua kwenda mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, wala hasikii kitu. Mwendo huo wa Ikweta ulimfaa sana Bwana Riccardo Giacconi, mtaalamu wa nyota aliyezaliwa Italia mwaka 1931 na kufanya kazi Marekani.

Alitaka kuchunguza eksirei zitokazo katika mabaki ya nyota zilizopasuka. Lakini hewa huzizuia zisifike chini, hata darubini kubwa namna gani haizioni. Mwaka 1962 roketi yake ilipata dakika sita tu hivi za kutazama, ikaanguka.

Hapana budi chombo kikae huko juu. Basi tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kikisukumwa na mwendo ule ule wa dunia. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya, kiliitwa Uhuru. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi kilipata mahali 339 patokapo eksirei, hata katika hewa yenye moto mno iliyo kati ya galaksi za mbali.

Bwana Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hata leo wataalamu huandika nyota hizo kwa alama ya 4U, na U hiyo ni ya Uhuru.