Wanafunzi wa Bologna Waliachiwa Nembo

Ukimwambia mtu umefika Bologna, kule Italia, swali la kwanza ni kama umepanda mnara wa Asinelli. Una urefu wa mita 97. Wanafunzi wa mji ule wanaukwepa mpaka wamalize shahada, maana inasemwa anayeupanda mapema hamalizi. Kwa lugha yetu, anadisko. Mwishoni mwa 2023 ulifungwa kwa sababu jirani yake, mnara wa Garisenda ulioinama, ulionekana kuwa hatarini, kwa hiyo hata wasioamini mwiko walibaki chini.

Mimi nilikaa kule muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na Jumamosi zangu nyingi ziliishia kwenye majengo ya kale na makumbusho. Nimerudi na hoja moja. Mgeni akitembezwa Bologna anaelezwa kwamba majengo yale ni utukufu wa chuo kikuu cha kale kuliko vyote Ulaya. Mimi naona jengo zuri kuliko yote pale ni kumbukumbu ya wanafunzi kupokonywa chuo chao. Kiongozi yeyote wa serikali ya wanafunzi anapaswa kuijua habari hiyo hata kama hatapata viza ya kwenda kuliona.

Tuanze na chuo chenyewe. Kinahesabu umri wake tangu 1088. Mwaka huo ulipangwa katika karne ya 19 na kamati iliyoongozwa na mshairi Giosuè Carducci, ili sherehe za miaka 800 zifanyike 1888. Hapakuwa na uzinduzi wala mgeni rasmi wa kukata utepe. Walikuwepo vijana kutoka nchi mbalimbali waliofika kusoma sheria, wakakodi vyumba, wakatafuta walimu na kuwalipa kutoka mfukoni. Neno la Kilatini universitas, ambalo leo dunia nzima inalitumia kwa maana ya chuo kikuu, lilikuwa na maana ya chama, kama vyama vya mafundi. Na pale Bologna chama hicho kilikuwa cha wanafunzi.

Waliungana kwa shida, sio kwa starehe. Walikuwa wageni mjini. Mgeni mmoja akikimbia deni, mtu wa kwao aliyebaki angeweza kukamatwa alipe yeye. Katikati ya karne ya 12 Kaisari Frederick Barbarossa alitoa amri ya kuwalinda wasomi wasafiri dhidi ya jambo hilo. Amri ya mtawala aliye mbali haimsaidii mtu anayegombana na mwenye nyumba usiku, kwa hiyo wakajipanga wenyewe. Wakachagua rekta, naye alikuwa mwanafunzi mwenzao.

Sasa sikiliza kanuni zao, maana ukizisoma leo unaweza kudhani ni utani. Mwalimu asingeweza kukosa kipindi hata siku moja bila ruhusa ya wanafunzi. Akitaka kusafiri nje ya mji aliweka dhamana ya fedha ili arudi. Alianza kengele ikilia na kuacha kengele ya mwisho ikilia. Kuruka sura kulikuwa kosa. Na wasikilizaji wakipungua watano katika lekcha ya kawaida, alitozwa faini kama vile hakufika kabisa, kwa sababu lekcha isiyovuta hata watu watano ni lekcha mbovu. Wanafunzi waliteua wenzao kwa siri kuangalia nani anavunja kanuni. Linganisha na fomu ya tathmini tunayojaza mwisho wa muhula, ambayo hakuna aliyewahi kutueleza inasomwa na nani.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Ilikuwa na miguu miwili. Wa kwanza ni fedha: wao ndio waliolipa. Wa pili ni kwamba chuo hakikuwa na majengo. Walimu walifundishia majumbani na kwenye vyumba vya kukodi. Chuo kisicho na ukuta kinaweza kufungasha virago, na walifanya hivyo. Mwaka 1222 kundi la walimu na wanafunzi lilihama, na chuo kikuu cha Padua kinahesabu umri wake tangu hapo. Mwaka 1321, baada ya mwanafunzi mmoja kuuawa kwa hukumu ya jiji, wengi walihamia Siena. Jiji liliwahitaji. Wenye nyumba waliishi kwa kodi zao, na hata zile baraza maarufu za Bologna, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2021, zilienea kwa sehemu kwa sababu watu walisogeza ghorofa za juu hadi juu ya njia wapate vyumba zaidi vya kupangisha.

Mguu wa kwanza ulikatwa taratibu. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 13 jiji lilianza kuwalipa walimu mishahara. Kwa juu ilikuwa nafuu kwa wanafunzi, na nadhani wengi walishangilia. Lakini mwenye kisu ndiye mla nyama. Mwalimu anayelipwa na jiji analisikiliza jiji.

Mguu wa pili ulikatwa 1563, lilipokamilika jengo linaloitwa Archiginnasio, hatua chache kutoka uwanja mkuu. Wakati huo Bologna ilikuwa chini ya utawala wa Papa, na utawala huo ndio ulioamuru shule zote zilizotawanyika mjini ziwekwe chini ya paa moja. Ukiingia uani unapigwa na butwaa. Kuta na dari zimejaa nembo za rangi, takriban 6,000, za wanafunzi waliochaguliwa kuongoza wenzao mwaka hadi mwaka, na chini yake majina yao na kwao walikotoka. Kuna ngazi mbili, moja ya watu wa sheria na nyingine ya wale waliosoma falsafa na tiba. Juu kuna ukumbi wa kupasulia maiti, wote wa mbao, uliojengwa karne ya 17. Bomu liliuvunja mwezi Januari 1944, ukajengwa upya kwa vipande vilivyookotwa kwenye kifusi.

Mgeni anapiga selfi chini ya nembo na kusema, ona wanafunzi walivyoheshimiwa. Mimi naziona tofauti. Wakati wanafunzi walipokuwa wanamtoza profesa faini, hapakuwa na ukuta wa kuchora nembo. Nembo zilijaa wakati mishahara inatoka serikalini, na mlango una bawabu. Cheo kilibaki, jina likaandikwa kwa dhahabu, na maamuzi yakafanyika kwingine. Waliobuni mpango huo walikuwa werevu sana. Kiongozi aliyepewa nembo nzuri hana haraka ya kuuliza kimeondolewa nini.

Tofauti hii utaiona pia ukitembea mjini. Nje ya kanisa la San Francesco yapo makaburi ya walimu wakubwa wa sheria, yameinuliwa juu ya nguzo kama nyumba ndogo. Katika makumbusho ya Enzi za Kati ya jiji, makaburi mengine ya maprofesa yamechongwa darasa zima: mwalimu kwenye kiti, wanafunzi kwenye madawati, vitabu viko wazi, na nyuso zao hazifanani. Mchongaji aliwaona wanafunzi vizuri. Ila wamo pale kama pambo la kaburi la mtu mwingine.

Najua atakayenijibu kwamba natamani enzi ambazo hazikuwa nzuri. Ni kweli. Wanafunzi wale walikuwa wanaume, wengi watu wazima na wenye mali. Mtoto wa mkulima asingekuwemo. Mwanamke alisubiri sana: Laura Bassi alipata shahada na nafasi ya kufundisha mwaka 1732, na hata hapo masomo yake mengi aliyatolea nyumbani kwake. Hata wanafunzi waliozaliwa Bologna hawakuwa na haki sawa ndani ya chama kile cha wageni. Na tangu mwanzo mitihani na utoaji wa shahada vilibaki mikononi mwa walimu, jambo ambalo hata mimi nisingependa libadilike. Daktari aliyefaulishwa kwa kura za washikaji zake asinitibu.

Sidai basi turudishe faini za maprofesa. Wala sisi hatuwezi kuhama. Anayesubiri bumu lichelewe wiki tatu hana Padua ya kukimbilia, na mkono mtupu haulambwi. Ninachosema ni kwamba tusichanganye nembo na nguvu. Jengo jipya la kituo cha wanafunzi, kiti kwenye kikao, gari la rais wa serikali ya wanafunzi, suti siku ya mahafali: vyote hivyo vinaweza kuwepo hata kama hakuna jambo hata moja tunaloamua.

Kama ukipata nafasi ya kwenda Bologna, nenda. Ua wa Archiginnasio hauna kiingilio. Ukitoka hapo, tembea mpaka mtaa wa Mascarella. Kuna ukuta wa kawaida wenye alama za risasi zilizofunikwa kwa kioo. Pale aliuawa mwanafunzi Francesco Lorusso mwezi Machi 1977, askari walipofyatua risasi wakati wa machafuko ya wanafunzi. Hakuna nembo wala dari ya kuchorwa. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa chini ya zile 6,000.

Na wewe usiyekwenda popote, uchaguzi wetu unakaribia. Wagombea watakuja vyumbani hosteli na mabango, fulana na ahadi za intaneti. Usiwaulize watatufanyia nini, kila mtu ana jibu la swali hilo. Waulize hivi: ukichaguliwa, ni jambo gani chuoni hapa halitapita bila sahihi yako? Halafu uliza la pili: ile ada ya serikali ya wanafunzi tunayokatwa kila mwaka, utatuletea hesabu zake mkutano mkuu wa mwezi gani? Ile ada ndiyo fedha pekee ambayo bado tunailipa wenyewe, kama wale wa Bologna. Mgombea asiyeweza kujibu maswali hayo mawili anagombea nembo.