Kobalti yetu imo ndani ya manete, sura zetu ziko wapi?

Katika vibanda vya michezo ya video vya Katuba na Kenya, mjini Lubumbashi, kijana hulipia muda wake na kushika manete yenye betri ya lithiamu. Betri za aina hiyo mara nyingi huhitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa Congo, katika Haut-Katanga na Lualaba. Lakini mchezo unapomwambia atengeneze mhusika wake, mara nyingi hajioni. Rangi za ngozi nyeusi ni chache, na zikipigwa mwanga zinafanana na majivu. Nywele za kusuka zinakaa kama kofia iliyobandikwa kichwani. Mwishowe anachagua sura ya mtu mwingine.

Kuna wanaosema ni mchezo tu. Mwaka 2009, kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5, yenye hadithi inayotokea Kijuju, eneo la kubuniwa barani Afrika. Maadui wake wanaitwa Majini, na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mtoto wa Lubumbashi anasikia lugha ya mama yake ikitoka vinywani mwa wale anaotakiwa kuwaua. Hapo si mchezo tu tena.

Wengine wanasema kazi hiyo ni ngumu kiufundi. The Sims 4 ilitoka mwaka 2014 na rangi chache za ngozi. Wachezaji walilalamika, na Desemba 2020 zikaongezwa rangi zaidi ya 100. Mchezo ni uleule. Kilichokosekana ni nia.

Hata hivyo, Lubumbashi haiwezi kuketi ikingojea huruma ya Osaka au California. Huko Yaoundé, Kamerun, studio ya Kiro'o Games ilitoa Aurion mwaka 2016, mchezo wenye mashujaa Waafrika. Na huu ndio mji wa Pilipili na Mwenze, wachoraji wa atelye ya Hangar iliyoanzishwa mwaka 1946. Wachoraji wapo hata leo, na wanafunzi wa informatiki wapo.

Fedha nazo zipo. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inaupa mkoa asilimia 25 ya redevansi ya migodi. Sehemu ndogo tu ya pesa hiyo ingenunua kompyuta na kuwaweka wachoraji na wanafunzi hao katika darasa moja. Wabunge wa mkoa waulizwe kwa nini hilo halimo katika bajeti.