Ajali ya Ndege Bukoba: Kadari Haizuii Kutafuta Sababu

Kila itokeapo ajali, wapo wasemao: "Imeandikwa, tunyamaze." Ndugu Waislamu, kuamini kadari ni nguzo ya imani, lakini hakutukatazi kuuliza sababu.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500, yenye watu 43, iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Walifariki 19, wakiwemo marubani wote wawili. Waliokoka 24.

La kwanza ni hali ya hewa. Kulikuwa na mvua na dhoruba, na uwanja wa Bukoba uko ukingoni mwa ziwa. Juu ya maji, mvua ikiziba macho, rubani hupata tabu kukadiria kimo. Akishuka mno, chini yake hakuna ardhi ya kumpokea.

La pili ni uokoaji. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Ripoti ya awali ya Serikali ilieleza kuwa uokoaji ungekuwa wa haraka, wengi zaidi wangepona.

Sisi wa visiwani, tuliozika watu wa Spice Islander mwaka 2011, tunaujua uzito wa maneno hayo.

Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha ategemee kwa Allah. Basi rubani akiahirisha safari ya Pemba au Mafia kwa sababu ya hali ya hewa, tusimlaumu wala tusimharakishe. Huko ndiko kufunga ngamia.

Allah awarehemu Waislamu waliotangulia na azipe subira familia zote zilizofiwa. Amin.