Mtamba na Maziwa ya Sindano

Wafugaji wadogo wa Kibaha na Kisarawe wanaujua uzito wa kungoja. Mtamba hulishwa miaka miwili, mitatu, akapandishwa, kisha akabeba mimba kwa takriban miezi 9, ndipo mwenyewe aonje maziwa. Asiposhika mimba, huishia kwa mchinjaji. Basi mtu akisikia kwamba iko sindano ya kumtoa mtamba maziwa bila ya kuzaa, si ajabu akashawishika.

Yafaa ieleweke kwamba habari hiyo ni kweli. Mwaka 1973 watafiti Smith na Schanbacher wa Ohio, Marekani, walitangaza njia ya kuwadunga ng'ombe homoni za estrojeni na projesteroni kwa siku 7. Homoni hizo ndizo mwili huziongeza wakati wa mimba. Hivyo kiwele hudanganyika, kikakua, na baada ya wiki mbili au tatu maziwa huanza kutoka. Kwa njia hiyo wataalamu huchunguza kazi ya kiwele pasipo kungoja uzazi.

Elimu hiyo ina manufaa, nasi hatuipingi. Lakini matokeo yake hayana hakika: ng'ombe mmoja hutoa maziwa mengi, mwingine karibu hatoi kitu. Tena mnyama hutaabika, kwani hukaa katika joto siku nyingi akiparamia wenzake, na kano za nyonga hulegea hata akaweza kuvunjika. Zaidi ya hayo, maziwa ya mwanzo huwa na mabaki ya homoni, hayafai kunywewa. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2003, ulibana mno matumizi ya estradioli kwa mifugo ya chakula.

Hapo ndipo penye tofauti. Maabara inaweza kuyamwaga maziwa hayo. Nyumba yenye watoto na deni la pumba haitayamwaga. Kinachofaa kwa mtafiti kinaweza kuwa dhara kwa mlaji.

Mtamba asiyeshika mimba kwanza atazamwe malisho, madini na maradhi, na dalili zake za joto ziangaliwe asubuhi na jioni. Daktari wa mifugo aitwe kabla ya mchinjaji, na kabla ya sindano. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatuhimiza kumwepusha mnyama na mateso. Nasi Waislamu twajua tangu zamani kwamba mnyama ni amana, na mwenye amana ataulizwa.